Spana Ilingane na Nati: Mazungumzo Kuhusu Zana za Matengenezo

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano uliowakutanisha watumiaji wa maji, mafundi pikipiki na vikundi vinavyokusudia kuomba mkopo wa Halmashauri. Yanachapishwa kwa ombi la Kamati ya Maendeleo ya Kata.

 

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si fundi. Nilichosomea ni mawasiliano ya umma, na zana ninayoimudu ni kalamu. Nimesimama mbele yenu kuzungumzia spana, bisibisi na grainda kwa sababu ya safari moja niliyoifanya kikazi, nilipotumwa kupiga picha za pampu ya mkono iliyokaa wiki tisa bila kutoa maji. Nilikwenda nikiwa nimekwisha kuiandika habari akilini, nayo ilihusu ukosefu wa vipuri. Kumbe kipuri kilikuwepo. Sili ya mpira, kitu kidogo kinachoenea kiganjani, ilikuwa imefungwa katika karatasi ndani ya droo ya katibu wa kamati ya maji. Kilichokosekana ni spana.

Spana iliyoletwa pamoja na pampu ilikuwa imeazimwa na mwenye mashine ya kusaga, naye akamwazima mtu mwingine, na huyo wa pili hakuna aliyemkumbuka. Vijana wenye nia njema kabisa wakajaribu kuifungua nati kwa spana ya kurekebisha, ile ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kulitamka mbele ya wazee wangu hawa. Naona mnacheka, basi mnaijua. Mdomo wake haukuwa umebana sawasawa. Ikateleza mara ya kwanza, ikateleza ya pili, na ilipofika ya tatu pembe zote sita za nati zilikuwa zimeliwa, nati imekuwa duara kama shanga. Ikaletwa spana ya bomba, nayo ikamalizia kilichosalia. Kwa wiki tisa kina mama wa kitongoji kile walirudi kuchota maji mtoni.

Kilichonichoma zaidi nilikielezwa baadaye na fundi wa maji. Pampu ile ni ya aina ya Afridev, iliyobuniwa katika miaka ya 1980 kutokana na majaribio yaliyofanyika Malawi na Kwale, katika pwani ya Kenya. Waliobuni walikuwa na shabaha moja mahususi: wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza, bila kusubiri gari la mafundi kutoka mjini. Ndiyo maana matengenezo yake ya kawaida yanahitaji spana moja na kifaa cha kuvulia vipande vilivyoko chini kisimani. Watu walikaa miaka wakipunguza idadi ya zana hadi ikabaki spana moja, nasi tukaipoteza hiyo hiyo moja. Fundi alipofika aliikata nati kwa msumeno wa chuma, akabadilisha sili, akaweka nati mpya, akakaza. Hakutumia hata saa moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza mafundi maswali mengi, pengine hadi kuwachosha, na haya ninayowaambia leo ni yale niliyoyapata kwao na kuyajaribu kwa mikono yangu.

Nati ya kawaida ina pande sita. Spana inayolingana nayo hukumbatia pande hizo, na nguvu ya mkono huenea juu ya ubapa wa chuma. Spana iliyolegea, hata kwa tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho, haishiki ubapa bali hugusa pembe peke yake, na pembe ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Hapo chuma huanza kuliwa. Ukiiweka spana juu ya nati na kuitikisa kidogo, utasikia kwa vidole kama inacheza. Ikicheza, ivue.

Chanzo kimoja cha kulegea huko ni kuchanganya vipimo viwili. Zipo spana za milimita na zipo za inchi, na katika masanduku yetu hulala pamoja kama ndugu. Spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Huingia kwenye nati ya milimita 12 bila shida yoyote, na urahisi huo ndio unaomdanganya fundi, maana imeacha nafasi ya milimita 0.7 ambayo inatosha kabisa kuila pembe. Kwa upande mwingine, spana ya robo tatu ya inchi ina milimita 19.05, na hiyo waweza kuitumia kwenye nati ya 19 bila madhara. Kwa hiyo anayekuambia kwamba inchi na milimita ni kitu kimoja amesema kweli mara moja na kukupoteza mara nyingi. Pikipiki zinazobeba abiria hapa kwetu hutumia milimita; soma namba iliyochongwa kwenye spana kabla ya kuiamini.

Kuhusu umbo, spana ringi inayoizunguka nati yote ni salama kuliko ile yenye mdomo wazi, inayoshika pande mbili tu. Mafundi wazuri hulegeza na kukazia kwa ringi au soketi, kisha huutumia mdomo wazi kuizungusha nati iliyokwisha kulegea. Spana ya kurekebisha ina kazi yake pia, hasa nyumbani, ila iwe ya mwisho kuchukuliwa. Ukiichukua, ibane hadi isicheze, halafu igeuze ili unapovuta nguvu iangukie ule mdomo usiosogea. Na spana yoyote ile, pale nafasi inaporuhusu, uivute kuja kwako; usiisukume. Nati ikiachia ghafla huku unasukuma, vifundo vya vidole vyako ndivyo vitakavyopokea chuma kilicho mbele.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe. Nina pikipiki ninayoitumia kwenda kazini. Siku moja nilitaka kubadilisha oili peke yangu, na nilipokuwa nikiirudisha bolti ya chini ya injini nikaona nikaze vizuri ili isivuje. Nikachukua kipande cha bomba, nikakiingiza kwenye mpini wa spana ili urefuke, nikavuta. Bolti ikawa ngumu, kisha ghafla ikawa laini mno, na kila aliyewahi kulisikia badiliko hilo mkononi anajua tumbo linavyoshuka. Bolti ni ya chuma kigumu, lakini mwili wa injini ni wa aluminiamu, ambayo ni laini. Hesi za ndani ya tundu, yaani ile mifereji ya mzunguko inayoishika bolti, zilitoka zote zikiwa zimejiviringisha kwenye bolti kama uzi kwenye sindano. Gharama ya kutengeneza tundu lile ilizidi kwa mbali ile ya kubadilishiwa oili na fundi.

Fundi aliyenisaidia alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: waliotengeneza spana hawakuipa ya namba 10 mpini mfupi kwa ubahili wa chuma. Urefu wa mpini ni kipimo. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 10 mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 10, unapata takriban nyutoni mita 10, kiasi kinachokaribia kile kinachotakiwa na bolti nyingi ndogo za injini zenye kichwa cha milimita 10. Ongeza bomba mpaka mpini ufike sentimita 40, uvute kwa nguvu ile ile, na bolti itapokea mara nne. Mkono hausikii tofauti, lakini bolti inaisikia. Kwa kazi za injini, kama vile kukaza kichwa cha silinda, ipo spana ya kupimia nguvu, na kikundi cha mafundi kikinunua moja ya kutumia kwa pamoja hakitajuta.

Bisibisi nitazipita haraka. Zile za nyota zina namba, 1, 2 na 3, na kutumia namba 2 kwenye parafujo ya namba 3 ni kosa lile lile la spana iliyolegea. Bisibisi si tindo wala si mtaimbo. Anayeipiga kwa nyundo leo, kesho ataikuta ncha yake imepinda. Na tindo nayo, ikiwa kichwa chake kimetanuka kama uyoga kwa kupigwa, isage pembeni kabla ya kuitumia tena, kwani vipande vya ule uyoga huruka.

Nati iliyoshika kutu isishindwe kwa hasira. Safisha hesi zinazoonekana kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kupenya, subiri, gonga kidogo kuizunguka, tia tena. Subira ya usiku mmoja imefungua nati nyingi kuliko bomba refu. Moto nao hulegeza, kwa kuwa chuma hutanuka, ila usiukaribishe moto karibu na tangi la petroli au mpira wa mafuta, na usiwashe chochote mahali mlipotoka kuosha vyuma kwa petroli.

Wakati wa kununua, tahadharini na sanduku linalong'aa. Nimekiona kikundi kilichonunua seti ya vipande zaidi ya 100. Vingi havikuguswa hata siku moja, ilhali ile spana namba 10, inayotumika kila saa, ilipanuka mdomo ndani ya mwezi wa kwanza. Afadhali spana chache madhubuti za 8, 10, 12, 14 na 17, pamoja na soketi zake, kisha muongeze kadiri kazi inavyodai. Maneno ya kuonesha kwamba chuma ni cha kromu na vanadiamu huchongwa hata kwenye zana dhaifu, hivyo msiyategemee peke yake. Nenda dukani na nati mbili tatu mpya mfukoni. Ivike spana juu ya nati, itikise, tazama kama kingo za mdomo zimenyooka, kama namba imechongwa waziwazi, kama soketi haijakaa upande. Mwuzaji atakutazama kwa mshangao; mwache atazame. Na dai risiti ya mashine ya kielektroniki, kwa sababu bila hiyo huna pa kurudi, na kikundi chenye mkopo hakina cha kuonesha kwenye marejesho ya hesabu.

Nimeacha zana za umeme hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa zana ya mkono ikikosewa huharibu nati, bali hii nyingine huharibu mtu.

Wengi wetu hapa tunaijua grainda. Namba iliyo muhimu kuliko zote katika kazi hiyo haiko kwenye mashine bali kwenye diski. Diski ya kukatia chuma yenye kipenyo cha milimita 230 kwa kawaida huandikwa kwamba isizidi mizunguko 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo, zile zinazotumia diski ya milimita 115 au 125, nyingi huzunguka karibu 11,000. Sasa tazameni linalotokea mitaani. Diski ndogo imekwisha, kubwa ipo, kubwa haiingii kwa sababu ya kinga. Basi kinga inafunguliwa na kuwekwa kando, na diski kubwa inafungwa kwenye mashine ndogo. Hapo kijana ameshika mkononi kitu kinachozungushwa karibu mara mbili ya kasi kilichotengenezewa, tena ameondoa ukuta pekee uliokuwa kati yake na vipande. Ukingo wa diski inayozunguka kwa kasi yake ya mwisho inayoruhusiwa hukimbia mita 80 kwa sekunde, sawa na kilometa 288 kwa saa. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi 80.

Namfahamu kijana aliyefanya hivyo. Sitamtaja, wala sitataja alipokuwa akifanya kazi. Hakuwa mzembe, alikuwa na mteja anayesubiri. Kipande kimoja kilimpasua shavu na kingine kikaingia jichoni. Jicho lile halioni tena. Aliniruhusu nilisimulie jambo hili, na akaongeza kwamba alikuwa amevaa miwani ya jua, akidhani inatosha. Haitoshi. Miwani ya kinga hutengenezwa isipasuke na hufunika hadi pembeni, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya mashine yenyewe. Mwajiri anayesema kila mtu ajinunulie akumbushwe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea yeye wajibu wa kuwapatia wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga.

Lipo jambo jingine kwenye diski ambalo wengi hawalijui. Tazameni ile pete ya chuma iliyo katikati; katika diski nyingi imechongwa mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Diski ya kukatia imeshikamanishwa kwa gundi, na gundi huchakaa kwa muda na kwa unyevu hata kama diski haijawahi kutumika. Aidha, diski nyembamba ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu, na iliyoangushwa au yenye ufa itupwe. Najua inauma kuitupa ikiwa bado pana.

Drili ina tabia yake tofauti. Kipande kidogo cha bati au chuma kisishikwe kwa mkono. Kibanwe kwenye jiliwa, kwa maana kekee ikinasa, kipande huzunguka nayo kama panga. Mtu akitoboa asivae glavu zilizolegea, wala khanga inayoning'inia, wala nywele ndefu zisizofungwa. Kinachozunguka hakijui kutofautisha uzi na kidole. Jinsi tundu linavyokuwa pana ndivyo kasi inavyopaswa kupungua, na tone la oili huirefushia kekee maisha. Mwenye mashine ya kufungulia nati kwa mtikisiko naye anunue soketi zake maalumu, zile nyeusi zenye kuta nene. Soketi za kawaida zinazong'aa zaweza kupasuka.

Umeme tunaoutumia ni volti 230, na sakafu zetu za gereji mara nyingi ni udongo wenye majimaji. Waya uliochubuka usifungwe kwa mfuko wa plastiki. Waya wa kuongezea urefu ukunjuliwe wote unapotumika na mashine kubwa, kwa kuwa uliozungushwa kwenye kibiringo hupata joto. Na kabla ya kubadilisha diski au kekee, chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwani mtoto anaweza kuigusa. Wenye mashine za kusaga, hili la kukata umeme kabla ya kugusa mkanda linawahusu ninyi kwanza.

Kwenye gari na pikipiki, unapoondoa betri anza na waya wa hasi, na unaporudisha, hasi iwe ya mwisho. Sababu yake ni rahisi: bodi ya chombo imeunganishwa na hasi. Spana yako ikigusa bodi huku inafungua chanya wakati hasi bado ipo, utapata cheche zitakazokufanya uitupe spana hiyo. Na hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee, bila stendi.

Sasa nizungumze na vikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maandiko ya miradi ya gereji yanayoletwa huandika mstari mmoja, “seti ya spana na mashine”, kisha jumla ya fedha. Andikeni kila zana na kipimo chake, kazi itakayoifanya, na nani atakayeitunza. Ingizeni miwani ya kinga na diski zenye kipenyo sahihi katika gharama, msizione kama nyongeza. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata yupo hapa, ameketi pale kwenye mti, na atawasaidia kuandika. Wale waliojifunza ufundi gerejini bila cheti, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi; ulizeni, maana cheti hicho kinawafungulia zabuni ambazo sasa mnazitazama kwa mbali.

Kwa kamati za maji nina ombi moja. Spana ya pampu iwe na daftari lake: tarehe iliyotoka, jina la aliyeichukua, sahihi yake, tarehe iliyorudi. Ipakwe rangi ambayo hakuna spana nyingine kijijini inayo, ili ikionekana kwenye gereji ya mtu ijulikane ni ya nani. Kitongoji kile nilichokitaja wamepaka ya kwao nyekundu, na mama mtunza hazina huining'iniza mlangoni mwake. Nimeambiwa ameshakataa kuiazimisha mara nne, mara moja kwa mumewe.

Fundi wa maji amekuja na kichwa cha pampu, yuko pale nyuma ya meza. Naomba kila kijiji kitoe watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, waje mbele wafungue na kufunga nati hii kwa mikono yao. Waanze wale wa kijiji cha bondeni, ambao wametoka mbali. Maswali yataulizwa papo hapo, zana zikiwa mkononi.